Ubao wa kuruka chini usiondolewe kwa sababu ya theluthi moja

Mwanzoni mwa 2024, mtendaji mkuu wa Shirikisho la Riadha Duniani, Jon Ridgeon, alitoa takwimu ambayo hadi leo inatajwa kila mjadala wa kuruka chini (long jump) unapoibuka: kwenye mashindano ya dunia ya Budapest 2023, theluthi moja ya miruko ilikuwa faulo, yaani mrukaji alipitiliza mstari wa ubao na mruko wake haukuhesabiwa. Kwake huo ni muda uliopotea bure. Dawa aliyoipendekeza ni kuuondoa ubao wa sentimita 20, kuweka eneo pana la kurukia, kisha kupima kuanzia pale ncha ya kiatu ilipoachana na ardhi. Alisema wazi kwamba wazo litajaribiwa kwanza, na likishindwa majaribio litaachwa. Carl Lewis, bingwa wa Olimpiki wa kuruka chini mara nne, alijibu kwamba hatua hiyo ingeufuta ujuzi mgumu kuliko wote katika mchezo huu. Miltiadis Tentoglou wa Ugiriki, naye bingwa wa Olimpiki, alitishia kuhamia mchezo wa miruko mitatu (triple jump).

Tangu hapo anayeutetea ubao huonekana mtu wa zamani asiyetaka mabadiliko. Mimi naona hoja yake haijasikilizwa vizuri, na fainali za wanawake ndizo zinazoionyesha kwa uwazi zaidi.

Tuanze na haki ya upande wa pili, maana ipo. Olimpiki ya Tokyo iliyofanyika 2021, Malaika Mihambo wa Ujerumani, ambaye kwa upande wa baba ana asili ya Zanzibar, alichukua dhahabu kwa mita 7.00. Brittney Reese wa Marekani na Ese Brume wa Nigeria wote waliishia 6.97, ikabidi waamuliwe kwa mruko wa pili kwa ubora. Sentimita tatu zilibeba medali zote. Mwanamke anayeruka sentimita 12 nyuma ya mstari hapimwi hizo 12, ingawa mwili wake umezivuka hewani. Kwa hiyo swali la nani hasa aliruka mbali zaidi ni halali kabisa. Sheria nayo imekaza: zamani mwamuzi alitafuta alama kwenye plastisini, ukanda laini uliowekwa mbele ya mstari, lakini tangu Novemba 2021 ncha ya kiatu ikipita tu juu ya mstari bila kugusa chochote, bendera nyekundu inapanda. Mtu amejiandaa miaka minne, anafanya faulo mara tatu, anarudi nyumbani bila hata namba mbele ya jina lake. Inauma, na anayesema haiumi hajawahi kufuatilia mchezo huu.

Lakini theluthi ile tuitazame vizuri. Ni namba moja iliyokusanya raundi zote, kana kwamba faulo ya raundi ya kwanza na ya raundi ya sita ni kitu kimoja. Haiko hivyo. Raundi ya kwanza mrukaji anataka namba ya kuandikwa, basi anajiachia nafasi. Raundi ya sita, aliye wa nne hana cha kulinda. Anasogeza alama yake ya kuanzia, anakimbia kwa nguvu zote na kuutafuta ubao hadi ukingoni. Akipitiliza, amelipa gharama ya kutafuta medali. Ukihesabu faulo ya namna hiyo kama muda uliopotea, umemhesabia kosa mtu kwa sababu alithubutu.

Mrukaji wa kiwango cha dunia anafika ubaoni kwa kasi inayozidi mita 9 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo, sentimita 10 ni kama sehemu moja ya mia ya sekunde. Ndani ya muda huo anatakiwa awe ameshusha kiuno kidogo kwenye hatua ya mwisho kasoro moja, amekanyaga pale pale, na amepanda bila kupoteza kasi. Hatua hizo zinafundishwa kwa miaka. Ukimpa eneo pana, sehemu kubwa ya kazi hiyo inabaki haina maana.

Eugene, Julai 2022. Mihambo anatetea ubingwa wa dunia, anafanya faulo mruko wa kwanza, anafanya faulo wa pili. Akikosea tena anaondoka, kwa sababu kwa kanuni za wakati huo ni wanane bora tu waliopewa miruko mitatu ya ziada. Anatoa 6.98. Anabaki shindanoni, na kwenye mruko wake wa mwisho anafika 7.12, mbele ya 7.02 ya Brume. Bila ubao, fainali ile ingekuwa orodha ya vipimo. Ubingwa ule ulipatikana kwa miguu na kwa kichwa vilevile.

Kuna jambo jingine ambalo wakubwa wa riadha hawaligusi sana. Kupima kutoka ncha ya kiatu kwa haraka na kwa uhakika kunahitaji kamera. Ni kweli kwamba Ujerumani, kwa mfano, watoto wadogo huruka kutoka eneo pana, lakini hapo hapaamuliwi medali kwa sentimita. Kwenye viwanja vingi vya shule zetu, hata wakati wa UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari Tanzania, kuruka chini ni mchanga uliolainishwa kwa jembe, ubao au mstari wa chokaa, futikamba na mwalimu mwenye macho makali. Msichana wa hapo anashindana kwa kanuni ileile ya bingwa wa dunia. Rekodi yake na 7.52 ya Galina Chistyakova, rekodi ya dunia ya 1988, ziko kwenye kipimo kimoja. Ubao ukiondoka juu ukabaki chini, tutakuwa na michezo miwili yenye jina moja, na wanaotoka upande wa futikamba watalazimika kuujifunza upya ukubwani.

Kama shida ni mtazamaji, kuna njia nyepesi. Palipo na kamera, uonyeshwe kwenye skrini umbali halisi kutoka kiatuni hadi mchangani, hata kwa mruko wa faulo, huku matokeo rasmi yakiendelea kuhesabiwa kutoka ubaoni. Shirikisho lianze kwa kutoa hesabu ya faulo za wanawake raundi kwa raundi, fainali kwa fainali, tuone ile theluthi inatoka wapi.