Baba Hakufa Msalabani

"Baba wa mbinguni, tunakushukuru kwa kuwa ulikufa msalabani kwa ajili yetu." Ndivyo kiongozi wetu wa sifa alivyofungua ibada Jumapili iliyopita, macho kayafumba, kipaza sauti kakikumbatia kwa mikono miwili. Kanisa zima likaitika amina. Nami nikaitika, kisha nikafumbua jicho moja nione kama kuna mwenzangu aliyeshtuka. Hakuna.

Baada ya ibada nikamfuata kwa upole, ingawa upole wenyewe ulikuwa wa kujikaza, nikamkumbusha kwamba aliyekufa msalabani ni Mwana, si Baba. Akanishika bega, akatabasamu: "Mtumishi, Mungu anaangalia moyo. Theolojia tuwaachie wa chuo cha Biblia. Sisi tumekuja kuabudu."

Mori ukanipanda.

Maana alichokisema kwenye kipaza sauti nacho ni theolojia, na ni ya zamani mno. Mwanzoni mwa karne ya 3 Tertullian wa Karthago, mwandishi Mkristo, alimvaa mtu aitwaye Praxeas kwa kufundisha kwamba Baba na Mwana ni yule yule mmoja. Akamkejeli kuwa amemfukuza Roho na kumsulubisha Baba. Praxeas angalau alikuwa na hoja zake. Sisi tumefika huko huko kwa kupitiwa tu, kinanda kikitusindikiza.

Najua, kuteleza si kuanguka. Lakini ndugu yetu anateleza hapo hapo kila Jumapili, na wale watoto wa safu ya mbele hawana mtu mwingine anayewafundisha Utatu. Mahubiri wanayasinzia. Sala yake wanaikariri.

Basil, askofu wa Kaisaria ya Kapadokia, angenielewa. Miaka ya 370 alikuwa akifunga sala kwa namna mbili: mara utukufu kwa Baba "kwa njia ya Mwana, katika Roho Mtakatifu", mara "pamoja na Mwana, pamoja na Roho Mtakatifu". Watu wakang'aka. Kisa? Hayo maneno "pamoja na"! Na walijua wanachokikataa: ukimtukuza Roho pamoja na Baba, umeshamtoa upande wa viumbe. Basil akaandika kitabu kizima kuvitetea vijineno hivyo. Leo tungemwambia Mungu anaangalia moyo. Hoja aliyoishikilia wala haikutoka kwa wanafalsafa, ilitoka kwenye maji ya ubatizo: tumebatizwa kwa jina la Baba na Mwana na Roho Mtakatifu, basi tuamini kama tulivyobatizwa na tutukuze kama tunavyoamini. Alifariki mwaka 379. Miaka miwili baadaye, Mtaguso wa Konstantinopoli, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, ulipofika kwa Roho Mtakatifu haukuandika kwa mkato kwamba "ni Mungu". Ulisema anaabudiwa na kutukuzwa pamoja na Baba na Mwana. Pamoja na! Fundisho zito kuliko yote limekaa ndani ya kitenzi cha kuabudu, halafu mtu ananiambia theolojia na kuabudu ni vitu viwili tofauti.

Hata Pliny, gavana wa Kirumi, alipomwandikia Kaisari Trajan mnamo mwaka 112, alichokipata kwa kuwahoji Wakristo ni kwamba hukutana kabla ya mapambazuko na kumwimbia Kristo kama mungu. Mtaguso wa Nisea, uliotamka kwamba Mwana ni Mungu kama Baba, ulikuwa bado miaka zaidi ya 200. Waliimba kwanza, maelezo yakafuata. Arius naye, padri aliyefundisha kwamba Mwana ni kiumbe, inasemekana aliwatungia nyimbo mabaharia na wasaga nafaka. Yeye hakudanganyika kwamba wimbo ni wimbo tu.

Haya, na wasomi wetu wamechangia, nalikubali hilo kwa shingo upande. Nimewahi kukaa siku nzima kwenye semina ya sifa za Mungu, yaani jinsi alivyo, isiyofunguliwa kwa sala wala kufungwa kwa wimbo. Tulimchambua kama fundi anavyofungua injini. Paulo hakuweza. Warumi 9 mpaka 11 anabishana, ananukuu, anajiuliza na kujijibu, halafu kwenye 11:33 uvumilivu unamwishia, anaanza kumsifu Mungu mpaka anafika kwenye amina. Semina yetu iliishia kwenye vyeti.

Sasa kiongozi wa sifa, sijui kwa upendo au kwa kunikomoa, amenipangia mimi sala ya kufungua Jumapili ijayo. Nimeiandika kwenye karatasi, maana ulimi wangu naujua. Nimeanza na "Baba", nikamshukuru kwa kumtoa Mwanawe, nikafuta mstari wa tatu mara nne, nikaunyoosha hadi nikaridhika. Jana usiku nikampa mke wangu aisome. Akaisoma hadi mwisho, akairudia, kisha akaniuliza mbona Roho Mtakatifu hayumo.