Mbaazi za mama mkwe

Jamani mimi sina ugomvi na nishati safi. Serikali 2024 ikazindua mkakati, kwamba ikifika 2034 asilimia 80 ya Watanzania tuwe tunapikia nishati safi, nikasema sawa, mi nani nibishe, nikapanga foleni ya mitungi ya gesi ya ruzuku, kilo 6, nusu bei, na picha nikapigwa. Mkaa nikauaga. Jiko la mkaa nikampa kuku aatamie.

Sasa Jumamosi mama mkwe kashuka toka Newala na kiroba cha mbaazi kavu. Mbaazi kavu! We unajua zinavyokula moto hizo? Zimebandikwa saa nne, kufika saa sita moto ukageuka wa njano, ukakohoa kohoa, ukalala. Nikautikisa mtungi kama dafu. Nikaulaza ubavu (usiige, ni hatari, mi nilikuwa na mkwe sebuleni). Hola. Nampigia wakala ananiambia bro mzigo haujafika toka Dar.

Toka Dar! Mi nakaa Mtwara bana. Gesi ya Mnazi Bay, hapo Msimbati, imegunduliwa 1982 hata sijazaliwa, 2015 wakazindua bomba la kwenda Dar, zaidi ya kilomita 500, gesi inaenda kufua umeme huko. Halafu mi nasubiri lori. Na 2024 si mnakumbuka mvua za kimbunga Hidaya zilivyokata barabara ya Dar kule Somanga, ukishapita Nangurukuru, magari yakalala ng'ambo.

Kuna fundi alishanielewesha, ya kwetu eti ni methani, ile haiingii kwenye mitungi hii ya jikoni, inataka bomba mpaka kwako, na ya mtungi ni jamii nyingine, inaletwa na meli toka nje. Nikamwelewa vizuri tu. Nyumba chache hapa mjini zimeungwa kweli. Mtaani kwetu bomba ni la maji, na lenyewe siku hizi linatoa upepo mtupu, labda ndo gesi yenyewe.

Basi nikaenda uani kumtoa kuku kwenye jiko. Kuku ana mayai tisa, hataki mkakati wowote, kanidonoa mpaka kidole kikatoa damu. Mama mkwe kanikuta nanyonya kidole, akaniangaliaaa, akasogeza mawe matatu, akawasha kuni zake kimya kimya. Mbaazi zikaanza kuongea.

"Baba, ile gesi ya Msimbati inakwenda wapi?"

"Dar, mama."

"Na hii ya mtungi inatoka wapi?"

"Dar, mama."

Akakoroga chungu, akaonja chumvi.

"Kwa hiyo zinapishana Nangurukuru?"