"Huko kuna watu wetu?"

Familia iliyotoka Mombasa au Bukavu ikitafuta nyumba Marekani, hilo huwa kati ya maswali ya kwanza kwa dalali. Halina ubaya. Mama anataka jirani wa kumwachia watoto akienda zamu ya usiku. Lakini madalali wengi, hata aliye mtu wa kwao, wamefundishwa wasijibu: tazama takwimu za sensa, uamue mwenyewe.

Kwetu hiyo inasikika kama roho mbaya. Ila sheria ya makazi ya 1968, iliyosainiwa siku saba baada ya Martin Luther King kuuawa, inamzuia dalali kumsukumia mteja mtaa fulani kwa sababu ya rangi, dini au asili yake. Jinsia iliongezwa 1974. Ulemavu na familia zenye watoto, 1988. Nia njema si kinga, kwa kuwa "mtaa ule utakufaa zaidi" ni maneno yaleyale, yawe ya mkarimu au ya mbaguzi.

Mwaka 2019 gazeti la Newsday lilichapisha uchunguzi wake wa miaka mitatu huko Long Island, New York. Watu wawili wawili wa rangi tofauti, wenye uwezo wa kifedha unaofanana, walikwenda kwa dalali mmoja na kamera za siri. Weusi walitendewa tofauti katika 49% ya majaribio. Ukiwa na orodha yako peke yako ya nyumba ulizoonyeshwa, utajuaje? Ubaguzi huonekana orodha mbili zikilazwa mezani, na anayeweza kuzilaza kila siku ni mwenye ofisi ya udalali.

Hapo ndipo wenye ofisi hulalamika, na hawana makosa yote. Ofisi ya watu watatu haiwezi kusikiliza kila simu. Mahakama ya Juu ya Marekani nayo ilisema mwaka 2003, katika kesi ya Meyer dhidi ya Holley, kwamba kampuni hubeba kosa la dalali wake, lakini mmiliki halibebi yeye binafsi kwa kuwa tu ni mmiliki. Sawa. Ila anayekata fungu lake katika kila kamisheni hawezi kushindwa kufungua mafaili mawili kwa mwezi akayalinganisha.

Yule mama naye hajafungiwa mlango. Akitaja mwenyewe msikiti anaoutaka, dalali atatafuta nyumba kwa dakika za gari kutoka pale, kama ambavyo angemfanyia anayetaja uwanja wa gofu.