Marehemu 12 wa Kampuni ya Barabara

Mimi ni mfasiri, nalipwa kwa neno. Nalisema mapema ili mjue ujinga wangu ulianzia wapi: mtu anayelipwa kwa neno hapendi neno moja limle nusu saa.

Usiku huo umeme ulirudi saa sita na robo. Nikawasha kompyuta, nikakuta barua ya nusu ukurasa kutoka kampuni moja inayojenga barabara mkoani Morogoro. Mteja mpya, na tafsiri yake aliitaka saa mbili asubuhi. Wanaiandikia serikali ya kijiji kuomba ekari moja, na ekari yenyewe ni ya "boneyard".

Neno hilo sikuwa nimewahi kukutana nalo. "Bone" ni mfupa, "yard" ni uwanja. Uwanja wa mifupa. Nikafungua kamusi, ya kwanza ikanijibu: makaburi, lugha ya mitaani. Nikaifunga. Chini yake zilikuwepo maana mbili zaidi, nilikuja kuziona siku tatu baadaye, jasho likinitiririka. Moja ni mahali panapowekwa mitambo mibovu. Nyingine ni zile kete za dhumna zinazobaki zimelala kifudifudi, maana zamani kete zilichongwa kwa mfupa. Mjomba wangu kacheza dhumna miaka 40 barazani Tanga, naye angeweza kuniokoa kwa simu ya dakika moja.

Lakini nimpigie mtu simu saa saba usiku kumuuliza neno? Mfasiri anayeuliza huonekana hajui. Na isitoshe, barabara na makaburi vinajuana. Kila mtu ameona nyumba zikipigwa X nyekundu, na makaburi yakihamishwa kupisha lami. Hata sheria ya kuyahamisha ipo, ya mwaka 1969. Kwa hiyo nikajiambia, hawa wamekumba makaburi ya watu, wanatafuta pa kuyahamishia. Kila kitu kikakaa sawa kichwani.

Mstari wa pili wa barua ulisema wapo 12 waliokufa, sita wataletwa Alhamisi. Hapa ndipo Kiswahili kiliponipiga ngwala. Kiingereza hakijali: kilichokufa ni kimekufa, awe bibi, liwe greda. Kiswahili kinataka ngeli, hakikuruhusu uandike kitenzi bila kwanza kuamua unamzungumzia nani. Ningeandika "yamekufa", kijiji kizima kingeelewa; gari hufa, injini hufa, hata betri ya redio hufa. Mimi nikaandika "wamekufa". Halafu, ili barua iwe na heshima, nikapandisha daraja: "marehemu 12".

Mstari wa tatu ulinisimamisha kidogo. Ulisema sehemu zinazofaa zitatolewa kwanza, zitumiwe na wale wanaoendelea na kazi. Nikajikuna kisogo. Nikaamua ni vigae na misalaba. Lakini kwa kuwa nilishaingia kwenye ngeli ya watu, kalamu haikutaka kurudi. Nikaandika: "Kabla ya kulazwa, marehemu watatolewa viungo vinavyofaa ili wapewe wenzao walio kazini." Nikaisoma mara moja, nikaona inapendeza, nikalala.

Siku tatu baadaye jibu la kijiji likaja kwangu kufasiriwa kwenda Kiingereza. Karatasi yenye muhuri wa mtendaji, mwandiko wa mtu aliyefundishwa na walimu wa zamani. Serikali ya kijiji imepokea kwa masikitiko makubwa taarifa ya misiba 12 kwa mpigo. Inawapa pole mafundi waliobaki. Ekari imepatikana, karibu na mto, bila malipo, kwa kuwa maiti hatozwi kodi. Vijana wamejitolea kuchimba, na makaburi manne yako tayari. Rambirambi imechangwa, shilingi 38,500 na madebe mawili ya mahindi.

Kisha maswali. Marehemu ni wa dini gani, maana kijijini hapa hatuchanganyi? Ndugu zao wamepewa taarifa? Na kwa nini sita waletwe Alhamisi, hawa wengine wanangoja nini? Swali la mwisho lilikuwa peke yake, limepigiwa mstari kwa rula: "Tunaomba ufafanuzi kuhusu VIUNGO."

Nilihisi masikio yanapata moto. Nikafungua kamusi ile ile, mara hii nikateremka hadi chini.

Nikampigia mhandisi mwenyewe, Mmarekani. Nilianza kwa kuzungukazunguka, "kuna jambo dogo la kitaalamu kwenye tafsiri", mpaka akaniomba nimsomee jibu lote. Nikamsomea. Upande wa pili kimya. Halafu nikasikia mlio kama jenereta ya dizeli inayokataa kuwaka: kumbe anacheka.

Alipopata pumzi akanieleza. Yeye kazaliwa Tucson, Arizona. Nje kidogo ya nyumba yao kuna uwanja wa jeshi la anga unaoitwa Davis-Monthan, na tangu vita vya pili vya dunia viishe, ndege zilizostaafu zinapelekwa huko kwa maelfu na kupangwa mistari kama mihogo shambani. Jangwa halina unyevu wa kuziozesha upesi, na ardhi yake ni ngumu, ndege inaegeshwa juu ya udongo bila zege. Nyingine zinanyofolewa spea, nyingine zinapakwa dawa nyeupe vioo vyote vizibwe, na zipo zinazorudi kuruka. Kwao hata mtoto mdogo ukimtajia neno hilo hafikirii maiti. "Sikujua kama linahitaji maelezo," akasema. Na mimi sikuuliza. Tukawa tumekosa wote, ingawa ada ya kwenda kuomba radhi niliilipa peke yangu: nauli ya basi, kwenda na kurudi.

Mkutano ulikuwa chini ya mwembe mbele ya ofisi ya kijiji. Wanawake wamejifunga kanga, wanaume wamekaa upande wao, nyuso za msibani kabisa. Shehe upande mmoja, katekista upande mwingine, kila mmoja na kitabu chake mkononi, tayari kwa zamu yake. Nikawaamkia wazee, nikasimama, nikasema nimekuja kurekebisha neno moja. Nikaeleza. Hakuna aliyecheka.

Mama mmoja akanyoosha mkono. "Kwa hiyo, baba, hakuna aliyekufa?"

"Hakuna, mama."

"Na maharage tumeshainjika."

Mwenyekiti akasema maneno ni maneno, twendeni tukawaone hao marehemu. Tukaongozana hadi kambi ya kampuni, wapata watu 60, mtendaji akiwa mbele na faili. Tukamkuta wa kwanza: greda halina matairi ya mbele, limeegemea magogo, kutu imelitafuna mpaka kwenye usukani. Wa pili katapila, mnyororo wake umelala pembeni kama nyoka aliyejinyoosha. Wa tatu roli lisilo na injini. Mtoto akachungulia pale injini ilipokuwa, akapiga kelele: kuku wa mlinzi amelalia mayai tisa, na ametukazia macho kama mwenye nyumba.

Mzee mmoja mwenye kofia ya kiua akalizunguka greda taratibu, akaligonga kwa bakora, ngo, ngo. Akanigeukia.

"Mwanangu, umesoma mpaka wapi?"

Nikamtajia.

"Basi hawa hawajafa. Hawa wako juu ya mawe. Huko ulikosoma hawalijui neno hilo?"

Hapo ndipo watu walipoangua kicheko, shehe akamshika katekista bega asianguke. Vijana wakaanza kuuliza bei ya skrepa kwa kilo. Mtendaji akatoa kalamu, akakata neno marehemu kwenye faili lake, juu yake akaandika "mitambo iliyo juu ya mawe", akaweka saini yake, nami nikatakiwa niweke yangu kama shahidi.

Rambirambi walikataa kuirudisha kwa wachangaji. Mwenyekiti alisema rambirambi ikishatoka mkononi hairudi, italeta nuksi. Mhandisi akaipokea kwa mikono miwili, akaandika risiti, akawalipa vijana waliochimba. Maharage tuliyala, na yalikuwa mazuri.

Mwezi uliofuata kampuni iliniita tena, kikao kingine. Nikateremka stendi, nikamwambia kijana wa bodaboda anipeleke kwenye yadi mpya ya kampuni, ile ya karibu na mto. Akanitazama kama sieleweki, kisha uso ukamchangamka.

"Aaa, makaburini! Ya Waislamu, ya Wakristo, au ya makatapila?"