Msamaha wa kodi mikononi mwa mtawala wa kiimla

Serikali ya kimabavu inapotangaza kwamba wawekezaji wa kigeni hawatalipa kodi kwa miaka mitano au kumi, mjadala huishia kwa wachumi: ajira ngapi, mtaji kiasi gani. Mimi naona suala hili ni la madaraka kabla ya kuwa la hesabu.

Anayetaka kujenga kiwanda huangalia bandari, umeme, wafanyakazi na soko, kisha hujiuliza ni nani atakayemtetea akidhulumiwa. Penye mtawala asiyebanwa na bunge wala mahakama, swali hilo halina jibu. Amri moja ya usiku yaweza kumpokonya mali yote. Kwa hiyo hutaka kurudisha fedha zake mapema, na msamaha wa kodi humsaidia kufanya hivyo. Mwananchi, ambaye ndiye wa kwanza kuumia kwa kukosa sheria, ndiye pia anayeilipia hofu ya mgeni.

Mtawala naye anaupenda msamaha huu kwa sababu zake. Fedha za kujenga hospitali lazima zionekane kwenye bajeti. Kodi ambayo haikukusanywa mara nyingi haiandikwi popote. Na mwenye uwezo wa kusamehe kwa saini yake ndiye anayechagua wa kumsamehe.

Indonesia ya Rais Suharto ilionyesha hilo waziwazi. Mwaka 1996 mpango wa gari la taifa uliipa kampuni ya mwanawe, Tommy, msamaha wa ushuru wa forodha na wa kodi ya bidhaa za anasa. Magari yenyewe yalikuwa ya Kia, na mengi yaliletwa yakiwa yameshaundwa Korea Kusini. Japani, Marekani na Umoja wa Ulaya zililalamika katika Shirika la Biashara Duniani, na mwaka 1998 Indonesia ikashindwa.

Tunisia ilikuwa na ustadi zaidi, na kwangu ndiyo inayotisha. Tangu sheria ya mwaka 1972, kampuni zilizozalisha kwa ajili ya kuuza nje zilisamehewa kodi, nyingi zikiwa za Wazungu. Soko la ndani likabaki nyuma ya ukuta wa vibali. Chini ya Rais Ben Ali, ukuta huo uliwalinda jamaa zake. Baada ya yeye kukimbia Januari 2011 mali za familia zilitaifishwa, na hapo ndipo takwimu zilipopatikana: watafiti wa Benki ya Dunia walieleza mwaka 2014 kwamba kampuni 220 hivi zenye uhusiano na familia hiyo zilikuwa zikichukua asilimia 21 ya faida yote ya sekta binafsi. Mgeni aliachiwa kodi, familia ikaachiwa soko, na mfanyabiashara wa kawaida wa Tunisia akabaki kulipa kodi bila kupata kinga yoyote.

Najua nitaulizwa kuhusu China, ambayo haina demokrasia lakini ilivutia wawekezaji kwa nafuu ya kodi. Ni kweli, kanda maalumu za kiuchumi zilianza mwaka 1980 Shenzhen na kwingineko, kwa kodi ya asilimia 15 ya faida. Lakini Shenzhen ilipakana na Hong Kong na ilikuwa na nguvukazi kubwa iliyotaka kazi. Mwaka 2008 China iliweka kiwango kimoja cha asilimia 25 kwa kampuni za wageni na za wazawa, na wawekezaji wakaendelea kuja.

Sasa kuna jambo jipya. Makubaliano ya mwaka 2021, yaliyoungwa mkono na nchi zaidi ya 130, yanataka kampuni kubwa za kimataifa zitozwe angalau asilimia 15. Penye sheria hiyo, kodi inayosamehewa katika nchi ya kiwanda inaweza kudaiwa na nchi ya makao makuu ya kampuni. Serikali inayoendelea kuzisamehe kampuni hizo inaweza kuwa inaihamishia hazina ya nchi tajiri fedha za watu wake, huku mwekezaji mwenyewe akifaidika kidogo tu.