Zinki ya mabati yetu inaishia wapi?

Hapa Malindi bati halichakai, linaliwa. Chumvi ya bahari ikilianza, miaka si mingi paa limekuwa jekundu, na vijana wa mikokoteni wanalifikisha kwenye mizani ya skrepa pale Maweni. Mwenye bati akishalipwa kilo zake, haulizi ile zinki iliyopakwa kulikinga bati na kutu itaishia wapi.

Itakuwa moshi. Fundi yeyote wa kuchomelea aliyewahi kuunga bomba lenye zinki bila kujikinga anaujua: mweupe, mzito, na usiku homa na kutetemeka utadhani malaria. Wenzake watamshauri anywe maziwa. (Hayamsaidii kitu.) Zinki hugeuka mvuke kwenye nyuzi 907 za Selsiasi, wakati chuma huhitaji 1500 hivi ili kiyeyuke. Ndiyo maana katika tanuri la umeme la kuyeyusha skrepa zinki hutangulia kutoroka, ikiandamana na risasi na kadimiamu, metali zenye sumu, hadi inaswe kwenye mifuko ya kuchujia moshi ikiwa vumbi la kahawia. Tani moja ya chuma huacha kilo 15 hadi 20 za vumbi hilo. Marekani imelihesabu kuwa taka hatari tangu 1980.

Na humo zinki yaweza kufika robo ya uzito. Kuna watu wanapasua miamba kutafuta mawe yasiyofikia kiasi hicho!

Njia ya kuirudisha ni ya siku nyingi, inaitwa Waelz. Vumbi huchanganywa na makaa ya koki, likaingizwa kwenye tanuri refu linalozunguka, nyuzi 1000 na ushei. Zinki hupanda tena, ikakutana na hewa ikawa unga, nao hukusanywa ukiwa zaidi ya nusu zinki. Chuma hubaki kwenye mavi yake. Tatizo ni kwamba risasi nayo hupanda na zinki.

Hapo ndipo ninapowapinga wanaosema tufungue tu matanuri ya namna hii, vijana wapate kazi. Sisi wa Pwani tunaijua Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliacha risasi kwenye damu za watoto. Mwanaharakati Phyllis Omido na wenzake walipewa fidia ya shilingi bilioni 1.3 na mahakama mwaka 2020, na rufaa zikaburuzwa hadi Mahakama ya Juu, Desemba 2024. Kile nacho kilijiita kiwanda cha kuchakata taka.

Kwa hiyo vitanuri vya uchochoroni sivitaki. Liwe tanuri moja kubwa, mbali na nyumba za watu, moshi wake upimwe na mtu asiyekula mshahara wa mwenye kiwanda, na gharama abebe mwenye kuyeyusha skrepa akauza nondo. Atalalamika, na ana haki: bei ya zinki ikianguka kazi hii haijilipi. Bila sheria hatagusa.

Lakini Januari 2022 serikali ilisimamisha biashara ya skrepa nchi nzima kwa sababu ya nyaya za umeme zilizoibwa, na mizani ikanyamaza kwa miezi. Kumbe amri zikitakiwa hutoka. Basi itoke na ya kumtaka kila mwenye tanuri aonyeshe magunia ya vumbi la mwezi uliopita yako wapi.