Maombi ya uponyaji Uganda: tumtazame yule ambaye hajapona

Uganda, mtu akielemewa na huzuni, akikosa usingizi wiki nzima au akianza kusikia sauti ambazo wenzake hawazisikii, wa kwanza kuambiwa mara nyingi ni mchungaji, padri au mama mmoja wa kikundi cha maombi. Daktari huja baadaye, kama anakuja. Si ajabu. Kwa sensa ya mwaka 2014, Wakatoliki walikuwa asilimia 39 hivi ya wananchi, Waanglikana 32 na Wapentekoste 11. Hospitali ya rufaa ya taifa ya magonjwa ya akili ni moja tu, Butabika, iliyofunguliwa Kampala mwaka 1955. Mtu wa wilaya ya Isingiro, mbali kusini-magharibi mwa nchi, akitaka kufika Butabika anahitaji nauli, siku nzima ya safari na ndugu wa kumsindikiza. Kanisa analo hatua chache kutoka nyumbani, na mlango uko wazi.

Ndiyo maana watu wanamiminika kwenye kituo cha maombi cha Wakatoliki cha Bukalango, wanapanda mlima wa maombi wa Seguku kwenye barabara ya Entebbe, wanakesha Ijumaa hadi alfajiri. Na ndiyo maana ubishi hauishi. Wahudumu wa afya wanalalamika kwamba wagonjwa wanawafikia wakiwa wameharibika, baada ya miezi ya kuzungushwa kwenye maombezi. Waumini nao wanajibu kwamba hospitali inampa mtu tembe na kumrudisha nyumbani na uchungu wake uleule. Nimewasikiliza wote wawili kwa muda mrefu, na kila mmoja ana ukweli wake. Lakini naona wote wanabishana juu ya yule aliyepona: nani alimponya, Mungu au dawa? Mimi nadhani tungejifunza zaidi tukimtazama yule aliyeombewa, akarudi wiki iliyofuata, na bado ni mgonjwa.

Nianze na mazuri, maana ni mengi. Nenda Nakivale, makazi ya wakimbizi yaliyoanzishwa mwaka 1958, ambako Wakongomani wanaabudu kwa Kiswahili chini ya maturubai na mabati. Wengi wao walivuka mpaka wakiwa wameona mambo ambayo hawajamsimulia hata mume au mke. Katika ibada ya kufunguliwa, ambako mapepo hukemewa, mwanamke anaanza kutetemeka, analia, anaanguka. Kabla hajatulia sakafuni, mama mwingine ameshafika na kitenge kumfunika miguu asiaibike. Mchungaji anahamia kwa wengine, vipaza sauti vinaendelea kunguruma, lakini yule mama haondoki. Anakaa chini pamoja naye, anamshika mkono, anamwambia, "Lia tu, dada, tuko na wewe." Baadaye anamletea uji. Pengine kwa miaka mingi hakuna aliyemgusa yule mwanamke kwa upole namna hiyo. Anayeona mapepo na kelele tu pale ameukosa moyo wa jambo lenyewe.

Na hili si geni Uganda. Miaka ya 1930 uamsho wa Balokole, yaani "waliookoka" kwa Kiluganda, ulienea kutoka Gahini nchini Rwanda na Namirembe hapa Kampala hadi ukatapakaa Afrika Mashariki yote. Nguvu yao ilikuwa katika ushirika: watu wachache wanakaa pamoja kila wiki, kila mmoja anasema wazi lililomlemea, dhambi, ugomvi au hofu, wenzake wanamwombea, wanaimba Tukutendereza, wimbo wao wa sifa, kisha wanarudi makwao wakijua kwamba Jumanne ijayo wataulizana hali. Walilishika neno la Yakobo kama lilivyo: "Ungameni dhambi zenu ninyi kwa ninyi, na kuombeana, mpate kuponywa."

Sasa linganisha na hili. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti walikwenda katika vijiji vya Masaka na Rakai, eneo lililoteketezwa na UKIMWI, wakaanzisha tiba ya mazungumzo ya vikundi kwa watu wenye sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka. Wanawake walikaa peke yao na wanaume peke yao. Walioongoza walikuwa wenyeji waliopewa mafunzo mafupi, si madaktari. Kwa wiki 16 watu walizungumza juu ya msiba, ugomvi wa nyumbani na maisha yaliyogeuka ghafla. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003: sonona ilipungua sana kuliko katika vijiji vya kulinganishia. Shirika la Afya Duniani baadaye lilitoa mwongozo wa tiba hiyo utumike kote duniani.

Mlokole wa zamani akikaa katika kikundi kile cha Masaka, mengi angeyatambua: duara dogo, siku maalumu, siri inayotunzwa, mtu anayeulizwa tena wiki ijayo. Wapo watakaosema basi Mungu hahitajiki, duara linatosha. Sikubaliani nao. Mimi naamini Mungu husikia, na sioni kwa nini kazi yake ipungue thamani kwa kuwa ameipitisha kwa akina mama waliokaa kwenye mkeka. Ila mchungaji anayetaka kuponya mioyo ajue kwamba yale makusanyiko ya maelfu, ambapo mtu anawekewa mikono sekunde tano na kusukumwa, yameliacha nyuma jambo ambalo Balokole walikuwa nalo: muda.

Upande wa pili ni mzito, na sitaupamba.

Hatari huanza pale uponyaji unapodaiwa kabla haujatokea. Mtu anaitwa mbele atoe ushuhuda usiku uleule. Kanisa zima linapiga makofi. Akirudi nyumbani na sauti zile zikarudi, atamwambia nani? Akikiri kwamba hajapona, anaonekana hana imani, au ana dhambi aliyoificha, au kuna bibi kijijini aliyemfunga kwa laana ya ukoo. Hapo mgonjwa mmoja amekuwa wawili, maana sasa na yule bibi yuko hatarini. Mwingine anaambiwa apande mbegu, atoe sadaka ya ukombozi, na anauza mbuzi wa mwisho. Ukimya unaofuata ushuhuda wa namna hiyo unaua. Mtu anakaa na ugonjwa na aibu pamoja.

Kisha kuna dawa. Utafiti uliofanywa Kampala na kuchapishwa mwaka 2007 ulikuta wagonjwa wa VVU walioacha dawa za kupunguza makali kwa sababu waliamini maombi yameshawaponya. Walikuwa wachache, na ni haki kusema hivyo, lakini wachache hao ni watu. Mwenye kifafa akiacha tembe zake ghafla anaweza kupata degedege lisilokoma, na degedege la namna hiyo huua. Kuna pia ugonjwa unaompandisha mtu nguvu na furaha kupita kiasi kisha kumtupa kwenye giza. Kukosa usingizi huuchochea. Mtu wa namna hiyo ukimpeleka kwenye mkesha wa siku tatu wa kufunga na kuomba, unaweza kumrudisha nyumbani akiwa hali mbaya zaidi, na nia yako ilikuwa njema kabisa. Nabii Eliya alipoketi chini ya mti wa mretemu akimwomba Mungu amwondolee uhai wake, malaika hakumpa mkesha. Alimwacha alale, akamwamsha ale mkate na kunywa maji, akamwacha alale tena.

Wengine hapa hutaja Kanungu, ambako tarehe 17 Machi 2000 mamia ya wafuasi wa kundi moja la kidini waliteketea kwa moto ndani ya jengo la ibada. Ni jeraha la taifa. Lakini kulitumia kumhukumu kila mama anayemwombea jirani yake ni kumwonea.

Linalonisumbua zaidi ni msamaha. Baada ya Askofu Mkuu wa Kianglikana, Janani Luwum, kuuawa Februari 1977 chini ya utawala wa Rais Idi Amin, Askofu Festo Kivengere wa Kigezi alikimbilia uhamishoni, na huko akahubiri kwamba amemsamehe Amin. Msamaha ule ulimponya yeye na wengi waliomsikia. Ulikuwa wake mwenyewe, hakuna aliyemlazimisha. Leo mwanamke aliyebakwa vitani, au anayepigwa na mumewe, anaambiwa mbele ya watu asamehe sasa hivi ndipo Mungu atamgusa. Huo ni mzigo mwingine juu ya mzigo, na akiubeba kwa kuogopa macho ya watu, hakuna kinachofunguka moyoni.

Serikali imejaribu njia ya sera: ilipendekezwa, pamoja na mengine, kwamba wachungaji wawe na elimu rasmi ya theolojia, na walokole wengi wakapinga. Ninaelewa hofu yao, na sidhani cheti kingemfundisha mtu kutambua sonona. Sheria ya afya ya akili ya mwaka 2018, iliyoiondoa ile ya 1964, ni hatua njema, lakini sheria haikai na mtu usiku. Hospitali nazo zina la kurekebisha: muuguzi anayemcheka mgonjwa kwa kutaja maombi anamfukuzia mikononi mwa nabii atakayemwambia atupe dawa. Mfalme Hezekia alipougua aliomba na kulia, Bwana akamwongezea miaka 15, na nabii yuleyule aliyemletea habari hiyo, Isaya, akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu lake.

Kwa hiyo anayetafuta mahali pa kumpeleka dada yake, au mama yake, awaulize wahudumu wa maombi mapema: akirudi wiki ya tatu na bado halali usiku, mtafanya nini? Wapo watakaomwambia kwamba dada ana kizuizi, aongeze siku za kufunga. Na wapo watakaosema wataendelea kumwombea, tembe zake asiziache, na Jumatatu mama mmoja wa kanisa atakwenda naye kituo cha afya, wapange foleni pamoja.